Mistari Miwili Niliyomficha Bi Mize

Mkunazini, Unguja
Alasiri, kesho ndiyo safari yako

Mwanangu Zuhura,

Salamu nnazo nyingi, lakini zitangoja kidogo, maana nikianza nazo nitajificha ndani yake kama nilivyozoea. Nakuandikia nikiwa chini ukumbini, na wewe uko juu na mama yako mnafunga sanduku. Nasikia karibu kila mnachosema. Anakwambia habari za baridi ya Kampala unakokwenda kusoma, fulana za sufi, kwinini, na vyakula usivyotakiwa kununua njiani ukiwa ndani ya gari moshi. Hayo namwachia yeye, anayajua kuliko mimi. Mimi nna jambo moja tu, na hii ni karatasi ya nne. Tatu nimezichana. Katikati nimeinuka nikaenda mpaka Darajani bila ya haja yoyote, nikarudi, nikakaa, nikainuka tena. Mtu aliyewaandikia watu barua miaka ishirini, leo ya kwake inamshinda.

Unajua kuwa ni mimi niliyeandika yale malalamiko dhidi ya darasa lako la kuwasomesha wanawake. Najua kuwa unajua. Hujaniambia, wala mimi sijakwambia, na mwaka mzima tumekula sinia moja na jambo lile limekaa baina yetu. Usilolijua ni kwa nini nilifanya. Watu walidhani ni mambo ya dini, au naogopa maneno ya majirani. Hata mama yako alidhani hivyo mpaka jana. Haikuwa dini wala majirani. Nakuomba usome mpaka mwisho. Ukikasirika, ukasirike ukiwa umeshajua yote.

Unaikumbuka baraza yangu ya zamani, kabla sijapata kazi ya ukarani, pale kona karibu na soko. Ulikuwa ukiniletea chai ukiwa mdogo. Nilikuwa na meza fupi, wino, kalamu tatu, na jamvi la kukalia wateja. Wengi walikuwa wanawake. Walikuja na mabuibui yao, wakakaa upande, wakanieleza wanayotaka kumwambia mume aliyeko Mombasa au mtoto aliyeko Pemba. Nami nilijiona mtu mwema. Mwanamke akisema, "Mwambie nimechoka naye," mimi nikaandika, "Nakukumbuka sana na hali si mbaya." Akisema maneno makali, nikayalainisha. Akilia, niliyaruka maneno yale. Nikimsomea, nilimsomea alichosema yeye. Nilichokitia kwenye bahasha kilikuwa changu. Nilijiambia kuwa naokoa nyumba za watu. Hakuna aliyenituma kuziokoa.

Kati ya waliokuja alikuwa Bi Mize wa Bwejuu. Huyu alikuwa mjane, mrefu, mikono migumu kwa kupiga makumbi ya nazi na kusokota nyuzi zake kuwa kamba za usumba, ambazo alikuja kuziuza mjini kila baada ya wiki mbili. Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, jina lake Kazija. Huyo Kazija aliolewa na mtu mwenye kazi bandarini Tanga, akachukuliwa huko. Bi Mize aliisoma Kurani yake vizuri sana, lakini hizi herufi za kizungu kwake zilikuwa kama nyayo za kuku. Kwa hiyo barua ya kwanza ya mwanawe ilipofika, aliileta kwangu.

Wewe ulikuwa na miaka kumi mwaka ule. Ilikuwa asubuhi, watu wako barazani wanakunywa kahawa, wanaume watano au sita. Bi Mize akaweka mzigo wake wa kamba chini, akakaa.

"Hebu nisomee taratibu, Bwana Khamis," kasema, "nataka n'yaweke moyoni."

Nikafungua. Mwandiko ulikuwa wa msichana wa shule, jirani yake Kazija huko Tanga, wa herufi kubwa kubwa. Nikasoma salamu. Nikasoma kuwa Kazija ana mimba ya miezi minne. Bi Mize akapiga kigelegele pale pale, wanaume wakacheka, mmoja akamwambia, "Hongera, bibi mtarajiwa!" Macho yangu yalikuwa yameshatangulia mbele. Mistari miwili iliyofuata ilisema hivi, nayo naikumbuka mpaka nukta zake: "Lakini mama, mume wangu ananipiga, na sasa hata mimba haimzuii. Mtume mjomba aje anichukue, sina mwengine."

"Na mwenyewe mzima?" kauliza Bi Mize.

Zuhura, nimelifikiria lile swali kwa miaka kumi. Nafasi ya kujibu haikuwa ndefu. Nilikuwa na uso wa mama uliojaa furaha mbele yangu, na wanaume wanasikiliza nyuma yangu.

"Mzima," nikamwambia. "Anakusalimu sana."

Nikaikunja barua nikamrejeshea.

Ningeweza kukwambia kuwa nilimhurumia, au niliona ni mambo ya mke na mume, yasitiriwe. Hivyo ndivyo nilivyojiambia mwenyewe muda mrefu. Lakini kuna jambo jengine, na kwa ajili yake nilizichana zile karatasi tatu. Wiki ile ile, mimi mwenyewe nilimpiga mama yako. Mara moja, kofi, kwa sababu ya neno ambalo leo silikumbuki hata lilikuwa nini. Wewe ulikuwa chuoni kwako kwa Kurani. Alikaa siku tatu hakunisemesha, na shavu lake nililiona kila nilipoinua macho. Kwa hiyo nilipolikuta lile neno "ananipiga" mbele ya watu wote wale, niliona kama limeandikwa kwangu. Nisingeweza kulitamka kwa sauti.

Jana nilimwomba mama yako ruhusa ya kukuandikia habari hii. Alikuwa anapiga pasi mashungi yako. Alibaki amelinyanyua lile pasi la makaa, mpaka nikaogopa litamchoma.

"Mwambie," kasema. "Yeye ndiye anayesema anakwenda kusaidia wanawake. Basi ajue anatoka nyumba gani."

Kisha akaendelea kupiga pasi.

Haukuishia hapo ubaya wangu. Bi Mize alitaka jibu liandikwe saa ile ile. Nami nikaandika, safari hii neno kwa neno, sikulainisha kitu, kwa sababu hakukuwa na cha kulainisha: "Mwanangu, nimepata barua yako, nimefurahi furaha isiyo kifani. Mshike mume wako vizuri. Mimba ya kwanza ina tabu zake, vumilia." Nilitia anwani, akaipeleka posta mwenyewe, anatembea kama msichana.

Hebu fikiri barua hiyo inafika Tanga. Hebu fikiri yule jirani anamsomea.

Kazija alivumilia kwa miezi mitatu. Kisha akapigwa mpaka mtoto akatoka kabla ya siku zake, amekufa, na sikio la kushoto la Kazija halisikii tangu siku hiyo. Wanawake wa mtaa wake ndio waliomtia melini. Alifika Bwejuu na nguo alizovaa. Na mama yake alipomkumbatia, neno la kwanza alilomwambia ni hili: "Kwa nini hukuja?" Mama akasema, "Wewe uliniambia mzima." Binti akasema, "Nilikwambia ananipiga." Mama akasema, "Hukusema." Wakagombana mpaka majirani wakaingilia kati. Kila mmoja alikuwa anasema kweli, na kila mmoja alimwona mwenzake mwongo. Kazija alihama akaja kukaa hapa mjini, Ng'ambo, kwa shangazi yake. Miaka ikapita hawaonani wala hawasalimiani.

Najua maneno waliyoambiana kwa sababu Bi Mize alikuja kuniuliza. Alisimama mbele ya meza yangu, hakukaa.

"Bwana Khamis, ile barua ya mwanangu. Palikuwa na neno jengine ndani yake?"

"Neno gani, Bi Mize?"

"Lolote. Anasema alinitaka msaada."

Siku ile barazani hapakuwa na mtu. Nilikuwa na nafasi yote duniani.

"Hapakuwa na neno jengine," nikamwambia, naye akaniamini.

Mara ya kwanza nilikosa kwa woga. Mara ya pili nilikuwa najua ninachokifanya. Miezi michache baadaye nikaomba kazi ya ukarani, nikaiacha baraza. Mama yako alifurahi, akadhani nimepata maendeleo.

Nimesimama kidogo. Rafiki yako Rukia wa chuoni amepita kukuaga, nikamfungulia, akanipa shikamoo na kupanda juu mbio. Sasa nawasikia mnacheka. Nilitaka kuiacha barua hapa. Nimekaa tena.

Ulipoingia chuo cha ualimu na wenzako wakakuchagua kuwa kiongozi wa wanafunzi, nilijisifu kwa kila niliyekutana naye. Ulipokuja kuniomba huu ukumbi wa chini, wewe na wenzako wanne, muwafundishe wanawake kusoma na kuandika baada ya alasiri, nilikubali haraka bila kufikiri. Nilidhani watakuja wawili watatu, wachoke. Wakaja kumi na mbili. Wengine walikuja na watoto mgongoni. Mlitandika majamvi, mkaegemeza ubao kwenye ule mlango wa stoo. Mimi nilikuwa nakaa chumba cha ndani na gazeti langu, nikisikia "a, e, i, o, u" za watu wazima, nikitabasamu.

Siku moja mkawa mnawauliza kila mmoja kwa nini amekuja. Mmoja akasema anataka kusoma majina kwenye chupa za dawa. Mmoja akasema amechoka kutia dole gumba kwenye karatasi asizozijua. Kisha ikaja sauti ya chini, ya mtu anayesema polepole kama asiyeisikia vizuri sauti yake mwenyewe.

"Mimi nimetuma barua moja tu maishani mwangu, kaniandikia jirani," ilisema. "Nilimwambia mama aje anichukue, nnapigwa. Hakuja. Alinijibu kuwa amefurahi."

Ukamwuliza wewe, "Labda haikufika, Bi Kazija?"

"Ilifika. Mama kasema kasomewa na mwandishi wa mjini. Kasema ilikuwa salamu tupu. Basi mimi ni mwongo, au yeye. Nimekuja n'jue kusoma, nikapate kuiona kwa macho yangu, kama bado anayo."

Nilikaa chumbani mpaka wote wakaondoka, kwa sababu kutoka ni lazima nipite mbele yao, na sikujua kama aliwahi kuniona na kama angenikumbuka. Tangu siku ile, kila alasiri ikikaribia, nilijifungia chumba cha ndani kabla hawajafika. Nilihesabu majuma. Yule mwanamke alikuwa na akili, nilisikia jinsi anavyokwenda mbele ya wenzake. Kila herufi uliyomfundisha ilikuwa inamsogeza kwenye ile mistari miwili.

Kwa hiyo walipokuja wale wanaume watatu wa mtaani, waume wa wanafunzi wako, wakanitaka niwaandikie malalamiko kwa mkuu wa chuo, wao wenyewe waliona haya kuniomba. "Ni binti yako, Bwana Khamis," mmoja kasema, "ukikataa tutaelewa." Sikukataa. Waliyotaka yalikuwa mepesi: wake zao wanachelewa kupika. Mimi ndiye niliyeongeza kuwa wanafunzi wa chuo wanaingilia siri za majumba. Mimi ndiye niliyeandika kuwa kiongozi wa wanafunzi anawafundisha wake za watu ukaidi. Nilikuandika wewe hivyo, mwanangu, kwa mwandiko wangu mzuri ambao wewe ndio uliojifunzia.

Mkuu wa chuo alikuita akakuonyesha karatasi. Sijui uso wako ulikuwaje ulipoutambua mwandiko. Ninachojua ni kuwa ulirudi nyumbani, ukasimama mlangoni, ukasema, "Shikamoo, baba." Nikasema, "Marahaba." Ukapita. Kesho yake majamvi yalikuwa yamekunjwa na ubao haupo. Darasa lilikuwa limeshahamia Kikwajuni, kwa mjane mmoja aliyewapa ua wake. Hukuniuliza. Ungenifokea ningelala vizuri zaidi mwaka huu.

Yaliyofuata chuoni nimeyajua kwa Rukia. Mkuu wa chuo alikupa siku tatu. Ama uache darasa, ama uuache uongozi wa wanafunzi, maana chuo hakitaki maneno na waume za watu. Na wewe hukwenda kuwatetea wale wanawake. Hilo ndilo linalonishangaza mpaka leo. Ungeweza kuandika jibu zuri kuliko langu. Badala yake ulikwenda Kikwajuni ukaweka karatasi tupu juu ya jamvi, ukawaambia, "Mimi nikisema, nitasema yangu. Andikeni nyinyi." Wengine walikuwa hawajamaliza hata herufi zote. Rukia kasema walikaa mpaka karibu na magharibi, jasho linawatoka, kila mmoja mstari mmoja. Mama yako alikuwemo. Siku zote zile alikuwa akiniaga kuwa anakwenda kumtazama mgonjwa. Mstari wake, Rukia kanisomea kwa moyo: "Mume wangu anajua kuandika, na mimi nataka kujua."

Mkuu wa chuo aliisoma karatasi ile mara mbili. Kasema darasa litaendelea, lakini pawe na mwalimu mmoja wa kuliangalia, na neno lake la uongozi halibadiliki. Ukamwekea mezani ufunguo wa bweni na kengele, vitu anavyoshika kiongozi. "Basi, Bibi, vitu vyenu hivi," ukasema, "maana leo alasiri nna wanafunzi." Ukatoka. Na Rukia kasema kuwa hata baada ya kuchaguliwa kiongozi mwengine, wasichana waliendelea kuja kwako kila walipokuwa na shida, mpaka huyo kiongozi mpya naye akaja kufundisha Kikwajuni.

Nilipoyasikia haya niliona fahari na aibu kwa wakati mmoja, na sikujua niweke wapi mikono yangu. Lakini bado sikufanya kitu. Nataka ulijue hilo. Mtu anaweza kuona jema limesimama mbele yake na asinyanyuke. Mimi nilikaa miezi kumi.

Kilichoninyanyua ni wewe mwenyewe, siku ya dua ya safari yako, wiki mbili zilizopita. Watu walijaa hapa ndani. Mmoja wa walimu wako akakuuliza nani kakutia kwenye elimu. Ukasema mbele ya wote, "Baba yangu. Yeye ndiye aliyenishika mkono nikaandika jina langu." Ulisema kwa moyo safi, hukuwa unanichoma. Na mimi nikalirudisha tonge kwenye sinia.

Ijumaa iliyopita niliwaambia kuwa nakwenda shamba kwa shughuli za kazi. Nilikwenda Bwejuu. Gari lilifika karibu na adhuhuri. Nilimkuta Bi Mize pwani, maji yametoka, anafukua makumbi yake aliyoyafukia topeni yalainike, yeye na wanawake wengine. Amezeeka, Zuhura. Mgongo umeinama. Lakini alinijua kabla sijasema.

"Bwana Khamis mwandishi," kasema. "Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nimekuja kukwambia habari ya barua ya Kazija."

Akajinyoosha polepole. Nikamwambia. Nilikuwa nimejitayarishia maneno njia nzima, ya kuomba radhi, ya kueleza, na yote yalipotea. Nilimwambia tu kuwa palikuwa na mistari miwili, niliiona, na sikumsomea. Na alipokuja kuniuliza, nilimwambia uongo. Wale wanawake wengine waliacha kupiga makumbi yao.

Hakulia. Hakunitukana. Alinawa mikono kwenye kidimbwi, akanawa miguu, akaniambia, "Nifuate." Nyumbani kwake alitoa kibweta kutoka uvunguni, akachukua barua ile ile, imepasuka kwenye mikunjo.

"Soma," kasema. "Soma yote. Kwa sauti."

Nikasoma nikiwa nimesimama uani, wale wanawake wako nje ya ua wanasikia. Nilipofika pale, nilisoma haraka haraka. Akasema, "Rudia." Nikarudia. Akasema, "Rudia tena, hapo kwa mjomba." Nikarudia: "Mtume mjomba aje anichukue, sina mwengine."

Akakaa chini kwenye mchanga. Akasema peke yake, hakuwa akisema na mimi, "Na mimi nikamwambia vumilia."

Maneno hayo nnayo masikioni tangu Ijumaa. Nikila nnayo, nikisali nnayo.

Baadaye aliinuka, akavaa kanga safi na buibui, akaichukua barua mkononi mwangu, akatoka. Tulipanda gari moja kurudi mjini. Alikaa mbele na wanawake, mimi nyuma. Njia nzima hakugeuka. Darajani aliteremka akamwuliza mtu njia ya Ng'ambo, ingawa mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake na naijua. Nikamwangalia mpaka akapotea kati ya watu. Sikumfuata. Niliona hapo sina nafasi.

Siku tano sikujua limetokea nini. Nilitembea mji huu kama mtu aliyepoteza kitu. Leo adhuhuri, wewe na mama yako mkiwa sokoni, mlango uligongwa. Alikuwa Kazija. Sikuwahi kumwona uso wake kwa karibu. Ana uso wa mama yake. Alinigeuzia sikio la kulia.

"Nimekuja kumuaga Zuhura," kasema. "Jirani kaniambia hayupo. Nitakuja kesho bandarini."

"Ingia, mwanangu, umngoje."

"Hapana." Kisha kasema, "Mama yuko kwangu. Tunasemezana. Jana tumelala kitanda kimoja." Akajitanda vizuri buibui lake. "Wewe sijakusamehe. Nakuomba usitume wazee waje kuniombea. Nikiwa tayari nitakuja mwenyewe, na nisipokuja, ujue sijawa tayari."

"Naam," nikasema.

"Na kingine. Wale wapya watano walioanza mwezi huu, ni mimi ninayewafundisha. Zuhura kaniachia mimi. Ulijua?"

"Sikujua."

"Basi ujue," kasema, akaondoka.

Mwanangu, sina mawaidha ya kukupa. Umenipita, na nasema hivyo bila ya kujidhalilisha. Nna moja tu la kukwambia, kwa kuwa nimelipitia. Huko unakokwenda watakuchagua tena kuwa kiongozi, nakujua. Watakuja wanawake wa makabila usiyoyajua na shida usizozijua, nawe utakuwa mwenye kusoma, mwenye kujua wa kumwendea na mlango wa kugonga. Itakujia siku utakaposikia neno la mtu ukaona kuwa ni zito, au halifai, au litamvunja moyo mwengine, na utataka kulipunguza kidogo kwa wema. Usifikiri kuwa wewe huwezi. Mimi sikuwa mtu mbaya siku ile barazani. Nilikuwa mtu mwema mwenye barua ya mtu mkononi, na nilikuwa na langu la kuficha.

Na jengine, ukitaka kulichukua. Ulipouona mwandiko wangu, ulinyamaza kwa heshima. Nakushukuru. Lakini heshima ile ilinipa mwaka mzima wa kujificha. Siku nyengine mtu umpendaye akifanya ubaya, mwambie usoni. Hata akiwa baba yako.

Nilikuwa nimepanga kuitia barua hii chini ya nguo zako sandukuni, uikute ukiwa melini, Mombasa iko mbele na mimi niko mbali. Nilishaikunja hivyo. Nilisimama chini ya ngazi na kuingoja nafasi mtoke chumbani. Ndipo nikaona kuwa nafanya lile lile. Nakuchagulia saa ya kujua, na saa niliyoichagua ni ile ambayo hutaweza kuniuliza kitu.

Kwa hiyo naimaliza sasa. Jua bado lipo, meli haiondoki mpaka kesho asubuhi. Napanda juu kukupa mkononi, mbele ya mama yako na Rukia. Isome hapo hapo, au nenda nayo utakako. Mimi nitakuwa ukumbini, mlango nauacha wazi. Ukishuka kunisemesha, nipo. Ukishuka kunifokea, nipo pia. Na usiposhuka kabisa, kesho nitalibeba sanduku lako mpaka bandarini, na sitakwambia kitu mpaka wewe uanze.

Baba yako,
Khamis